Presha ya nyuma: kwa nini lori lenye turbo halitaki bomba jembamba la moshi

Lori limepakia korosho, limetoka Masasi linapanda kwenda Newala. Katikati ya mlima moshi unakuwa mweusi, gia zinashuka moja baada ya nyingine, rejeta inaanza kuchemka. Dereva anasema pampu ya dizeli imechoka. Kabla hujaifungua pampu, ingia chini ya lori utazame bomba la moshi. Nimekuta zaidi ya mara moja limeungwa upya kwa bomba la inchi 3, kwa sababu ndilo lililopatikana dukani siku ile.

Presha ya nyuma ni msukumo ambao moshi huurudishia injini unapokosa njia ya kutosha ya kutoka. Pistoni inapanda kutoa moshi, inakuta moshi uliotangulia bado umesongamana bombani, inalazimika kuusukuma wote kwa pamoja. Nguvu hiyo inalipwa na dizeli yako. Dereva wa lori lenye breki ya moshi anaijua hali hii mwilini: unateremka, unabonyeza, kilango kinaziba bomba, gari zima linashikwa. Ile ni presha ya nyuma iliyotengenezwa kwa makusudi. Bomba jembamba hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi kidogo, ila lenyewe halizimwi hata ukiwa unapanda.

Kwenye injini yenye turbo, yaani kifaa kinachotumia nguvu ya moshi kushindilia hewa kwenye silinda, hasara huwa mara mbili. Feni ya turbo inazungushwa na tofauti ya presha kati ya moshi unaoingia na moshi unaotoka. Presha ikipanda upande wa kutokea, tofauti inapungua, feni inapoa mwendo na hewa inayosukumwa kwenye silinda inapungua, huku dizeli ikimwagwa ileile. Ndipo unaona moshi mweusi, na joto lake linapanda hadi kupasua manifoldi, ile njia inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda.

"Mjomba, usipanue sana, injini itakosa presha," vijana wa gereji huniambia. Hawakuitunga kauli hiyo. Katika injini ya petroli isiyo na turbo, bomba la kipimo sahihi huupa moshi mwendo wa kuvuta mabaki yaliyomo kwenye silinda, na anayeweka bomba kubwa mno anaweza kupoteza nguvu kwenye raundi za chini. Kwenye lori letu, upana wa kuchunga namna hiyo ni ule wa kabla ya turbo, kwenye manifoldi, ambako njia fupi na finyu hufikisha mapigo ya moshi kwenye feni yakiwa na nguvu. Ukishapita feni, moshi umemaliza kazi. Kilichobaki ni kuufungulia mlango.

Mlango wa inchi ngapi? Tupige hesabu. Chukua injini ya lita 7.5 kwenye raundi 2,500 kwa dakika. Inavuta pumzi kamili kila mizunguko miwili, yaani mara 1,250 kwa dakika, sawa na lita 9,375. Turbo ikishindilia hewa, inapita kama mita za ujazo 16 kwa dakika. Moshi wa nyuzi 450 huvimba karibu mara mbili na nusu, hivyo bomba linatakiwa kupitisha kama mita za ujazo 38 kila dakika. Katika bomba la inchi 4 moshi huo unakimbia kama kilomita 280 kwa saa. Katika la inchi 3, kama kilomita 500.

Msuguano nao haupandi kwa adabu. Kwa moshi uleule na urefu uleule, ukitoka inchi 4 kwenda 3 unazidi mara nne. Ukitoka 4 kwenda 5 unabaki theluthi moja. Injini nyingi za malori ya aina hii zimewekewa kikomo cha presha ya nyuma kisichozidi kilopaskali 10, na bomba la inchi 3 lenye kona tatu linaweza kukipita hata kabla hujafunga sailensa. Kwa injini hii mimi naweka inchi 4. Inchi 5 inafaa ukiwa umeongeza dizeli na hewa. Vinginevyo ni uzito, na nafasi ya kulipitisha kando ya chesesi hupati.

Kumbuka kinachohesabika ni upana wa ndani. Bomba la inchi 4 linaloingia sailensa yenye tundu la inchi 3 bado limebanwa. Na huku pwani, Lindi hadi Mikindani, kutu hula bati za ndani ya sailensa, zinaanguka na kuziba njia huku kwa nje inaonekana nzima. Igonge kwa nyundo ya mpira usikilize kama kuna kinachocheza.

Kona ndizo zinazoharibiwa zaidi. Bomba likikunjwa tupu, upande wa ndani hubonyea. Fundi mwangalifu hujaza mchanga uliokaushwa kabisa, maana wenye unyevu hutoa mvuke na kulipuka, akashindilia, akaziba ncha kwa vigingi vya mti, ndipo akapasha moto na kukunja taratibu. Bomba la maji la mabati aliache: zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa.

Kupima ni rahisi. Chomelea nati kwenye sehemu iliyonyooka karibu na turbo, funga kibomba cha shaba cha mita moja ili moto upoe, kisha mpira mwangavu uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji, umefungwa kwenye ubao ndani ya kebini. Kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama hakutakuambia kitu. Pakia, panda mlima, utingo atazame maji. Tofauti ya mita moja kati ya pande mbili ni karibu kilopaskali 10. Ikizidi hapo, shuka na msumeno.