Gari kuukuu si kilo za chuma: yanayosemwa kuhusu kukata spea, na ukweli wake

"Gari likishakufa, kilichobaki ni kilo tu."

Sehemu kubwa ya uzito wa gari kweli ni chuma, lakini mizani haitofautishi stata nzima na stata iliyopondwa. Gia boksi, dinamo, milango, taa, vioo na viti vikitoka bila kuvunjwa vinaingia kwenye gari jingine vikafanya kazi miaka mingi. Hata chuma chenyewe huharibiwa na pupa. Waya zikiachwa ndani ya bodi, shaba yake huyeyuka pamoja na chuma tanuruni, na ikishachanganyika viwanda havina njia nyepesi ya kuitenga. Chuma chenye shaba nyingi hupasuka usoni kinapofinyangwa kikiwa cha moto. Kwa hiyo vuta waya zote, stata, dinamo na mota za vioo kabla bodi haijaenda kupondwa. Shaba ikiuzwa peke yake ina thamani kubwa kuliko chuma cha uzito uleule.

"Injini ikiwaka ni nzima."

Kuwaka kunathibitisha kwamba kuna mafuta na moto wa plagi, basi. Injini yenye ringi zilizochoka huwaka vizuri, ikala oili mwezi wa kwanza baada ya kufungwa kwenye gari la mwenzio. Pima mgandamizo (kompresheni) wa kila silinda, tena upime kabla ya kutoa betri au kumwaga oili. Pasha injini moto, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, chomoa koili, fungua plagi zote, funga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi la silinda unayopima, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Injini nyingi za petroli zilizo salama husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 125 na 180. Kitabu cha injini husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Muhimu kuliko namba yenyewe ni tofauti: silinda inayosoma chini kabisa isipungue kwa zaidi ya asilimia 15 hivi ya ile inayosoma juu kabisa.

Silinda ikisoma chini, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi yake upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au ukuta wa silinda, kwa sababu oili imeziba upenyo kwa muda. Isipopanda, tazama vali au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote mbili, mara nyingi gasketi imeungua katikati yake.

Kilomita chache kwenye dashibodi nazo zisikupumbaze. Injini iliyokaa miaka bila kuwashwa hukaukiwa sili, ringi zikaganda, na maji ya rejeta yaliyochakaa yakala alumini ya hedi.

"Tangi tupu halina hatari."

Hapa watu hufa. Kinachowaka ni mvuke wa petroli, nao huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Kwenye tangi lililojaa nafasi ya mvuke ni ndogo, na mvuke wenyewe kwa kawaida ni mzito kupita kiasi. Tangi lililomwagwa likabaki na unyevu wa mafuta ndilo linaloweza kufikia kiwango cha kulipuka. Usilisogezee grenda wala moto wa gesi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la ufundi, kwa hiyo fungua tangi mahali penye upepo, betri ikiwa imeshatoka.

Betri hutolewa kwa kuanza na waya wa hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, umepiga shoti. Baada ya hapo ondoa vimiminika, gari likiwa juu ya stendi na si jeki: petroli, oili ya injini, ya gia boksi na ya pawa stelingi, maji ya rejeta, mafuta ya breki. Kila kimoja na chombo chake, maana oili chafu iliyochanganywa na petroli au maji ya rejeta ni ngumu mno kusafishwa. Maji ya rejeta yana utamu, wanyama huyanywa, na ni sumu. Gesi ya AC itolewe kwa mashine. Kilo moja ya R-134a, aina ya gesi hiyo, hupasha joto angahewa mara zaidi ya elfu moja kuliko kilo ya kaboni dioksidi, kwa hiyo usikate mpira wake.

"Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari la aina ileile utachomeka tu."

Magari mengi yenye ulinzi wa ufunguo hayatawaka. Namba ya kibandiko lazima ilingane, na boksi itoke pamoja na ufunguo wake na kisomaji chake kwenye swichi. Vinginevyo itahitaji kuprogramiwa upya.

"Kikionekana kizima, kinatumika."

Mkanda wa taimingi, gasketi, sili, pedi za breki na bolti za silinda hedi za aina inayovutika hazirudi kazini. Bolti hizo zimeshanyooshwa mara moja. Ukizikaza tena hazishiki ipasavyo. Diski ya breki ipime kwa maikromita dhidi ya kipimo cha chini kilichochapwa juu yake. Tairi, soma tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkanda wa kiti uliofunga abiria wakati wa ajali hautumiki tena.

Eyabegi isiende kwenye gari jingine kabisa. Zile za kampuni ya Takata, zilizorudishwa kwa mamilioni kwa kasoro, zilitumia nitrati ya ammonia, ambayo joto na unyevu wa miaka viliiharibu hadi ikawaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo lake likapasuka na kurusha vyuma. Ukiitoa, subiri dakika 10 baada ya kufungua betri, kisha ilaze uso ukitazama juu.

Wengine husema masega ya ekzosi, yaani kisafisha moshi (katalisti), yana dhahabu: hayana. Yana gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Usiyapasue, vumbi lake huumiza mapafu, na namba iliyo kwenye ganda ndiyo humwambia mnunuzi aina yake.

Kila kipuri kikitoka, kifunge kibandiko chenye namba ya chesisi, namba ya injini, mwaka wa gari na upande kilipotoka, kulia au kushoto, kabla hujafungua bolti inayofuata.