Je, wajua kwa nini sauti hupinda ndani ya handaki la upepo?

Wengi huamini kwamba upepo huizoa sauti na kuitupa mbali, na kwamba ndiyo sababu mtu aliye upande unakoelekea upepo akikuita humsikii vizuri. Hesabu inaikataa dhana hiyo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo upepo mkali wa mita 10 kwa sekunde huipunguzia mwendo kwa asilimia 3 tu. Kama hewa yote ingekwenda kwa kasi moja, sauti ingechukuliwa nayo bila kupinda hata kidogo. Kinachoipinda ni tofauti ya kasi kati ya tabaka moja la hewa na jingine, kama mwanafizikia George Gabriel Stokes alivyoeleza mwaka 1857. Karibu na ardhi upepo ni mpole, juu una nguvu. Kwa hiyo wimbi linaloukabili hucheleweshwa zaidi upande wake wa juu, nalo hugeuka mithili ya safu ya askari waendao bega kwa bega, ambayo hukunja kuelekea upande wa wale waliopunguza hatua. Sauti hupanda na kupita juu ya kichwa cha msikilizaji.

Katika handaki la upepo, ambamo mabawa ya ndege hupulizwa hewa ili kelele zake zipimwe, tofauti hiyo imebanwa kwenye tabaka jembamba. Mkondo wa hewa hukatiza chumba kilichotulia, na maikrofoni huwekwa nje yake, kwa sababu ndani zingepigwa na upepo na kunasa vishindo vyake. Kila sauti ya bawa hulazimika kuvuka tabaka hilo jembamba, yaani ukingo wa mkondo.

Tuseme mkondo una kasi ya mita 68 kwa sekunde, na bawa liko mita 1 kutoka ukingoni. Wimbi lililoelekezwa wima kwa mkondo hufika ukingoni baada ya sehemu 1 ya 340 ya sekunde, likiwa limeshasukumwa sentimita 20, na maikrofoni huonyesha kelele ikitoka mahali pasipo na kitu. Mawimbi yanayofuata mkondo hupindishwa kwenda nje, yakiacha eneo la takriban digrii 34 ambalo sauti haifiki moja kwa moja. Mwaka 1978 mtafiti Roy Amiet alichapisha kanuni za kusahihisha mpindo huu, kwa kuuchukulia ukingo kuwa mwembamba mno, sharti linalolegea kadiri ukingo unavyonenepa kuelekea mwisho wa mkondo.

Kutawanyika kwa sauti ni tatizo gumu zaidi kuliko kupinda. Ukingo umejaa mizunguko ya hewa inayosafiri, na kila mmoja hubadilisha kidogo frikwensi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya sauti inayoupitia. Mlio mmoja safi, ambao kwenye grafu ungekuwa ncha kali, hutokea ukiwa ncha iliyofupishwa yenye nundu pande zote mbili. Nishati ipo, ila imegawanywa. Kanuni za mpindo haziwezi kuurudisha mlio huo ulivyokuwa, kwa kuwa hakuna mzunguko unaojirudia sawasawa. Maikrofoni mbili zilizoachana hupokea wimbi lililopita katika misukosuko tofauti, hivyo rekodi zake hazioani, hasa kwa milio myembamba, yaani yenye frikwensi kubwa, na ndiyo maana kwa milio hiyo wahandisi hutegemea maikrofoni zilizokaribiana.