Unataka kutengeneza modeli ya stesheni ya zamani? Anza na mwaka, tepu itafuata

Wanaokuja kutuuliza hapa makumbusho kuhusu modeli za stesheni ndogo za reli karibu wote wanaanza na vipimo, mlango una upana gani, paa lina kimo gani, na mimi nawarudisha nyuma kidogo: stesheni ya mwaka gani? Mana jengo moja la Reli ya Kati limepita mikono mingi. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, vita ikaja Waingereza wakachukua, 1948 ikawa East African Railways and Harbours, 1977 likaja Shirika la Reli Tanzania. Na kila aliyeshika kapaka rangi yake, kaziba dirisha, kaongeza kastoo pembeni, kwahiyo ukipima kinachoonekana leo alafu ukapaki mbele yake injini ya mvuke, hiyo stesheni haijawahi kuwepo siku yoyote ile.

Ukuta wenyewe unasema mengi ukiuangalia kwa utulivu. Mahali chumba kipya kilipobandikwa kwenye cha zamani mara nyingi unaona ufa ulionyooka wima, kwasababu mawe au matofali ya pande mbili hayakufungwa pamoja. Dirisha lililozibwa linaacha alama ya fremu kwenye plasta. Rangi za zamani zitafute nyuma ya bawaba na chini ya baraza, mahali palipobanduka penyewe, tafadhali usikwangue, ukishakwangua hakuna atakayeirudisha. Na kabla ya yote muone stesheni masta, omba ruhusa ya kupiga picha na kupima, na usisimame relini.

Michoro na faili za zamani anzia Kumbukumbu za Taifa pale Upanga, picha za enzi ya Mjerumani zipo nyingi mtandaoni kwenye hazina ya picha za makoloni ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Mchoro wa Mwingereza utakuja kwa futi na inchi, robo inchi kwa futi moja ni skeli ya 1:48 (jengo ni kubwa mara 48 kuliko mchoro), moja ya nane ni 1:96, wa Mjerumani ni mita. Usiweke rula juu ya fotokopi ukaamini, karatasi hubadilika saizi kwenye mashine, fuata namba zilizoandikwa, alafu linganisha na picha, mana kuchorwa sio kujengwa.

Ukiwa na picha tu bila mchoro, wengi wanatumia upana wa reli kama kipimo, ni sawa, Reli ya Kati ni mita 1 kamili kati ya reli na reli (TAZARA ni milimita 1067 na SGR 1435, usichanganye), ila reli iko karibu na kamera kuliko ukuta, kwahiyo ukuta utautoa mdogo kuliko ulivyo. Mimi napendelea bati. Bati la kawaida la mawimbi lina kama milimita 76 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, hesabu migongo kwenye ukingo wa paa zidisha kwa 76, migongo 100 ni mita 7.6, na hata mabati yakilaliana hesabu haiharibiki kwasababu wimbi linakaa ndani ya wimbi. Hakikisha tu sio bati la kisasa la migongo mipana.

Kwa kadibodi skeli ya 1:50 inafaa sana, njia ya mita 1 inakuwa milimita 20 na mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 4, ukitaka treni itembee kabisa kuna reli za modeli za upana wa milimita 12, kwa skeli ya 1:87.

Naomba watu wafanye kazi hii saivi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, stesheni zetu zote ni za baada ya hapo, kwahiyo hazilindwi mpaka jengo lenyewe litangazwe rasmi, na vile vituo vidogo vya porini nani anavitangaza? Vipimo vyako vinaweza kuwa ndio vipimo pekee vilivyobaki. Kwahiyo andika tarehe kwenye kila karatasi, na zunguka nyuma, upande wa choo na jiko ambao hakuna mpiga picha anayeuhangaikia, huko waulize wazee waliokaa kota za reli, watakuonyesha na mahali tenki la maji lilipokuwa.