The Shootist: yanayosemwa kuhusu filamu ya mwisho ya John Wayne, na ukweli wake

The Shootist, iliyoongozwa na Don Siegel mwaka 1976, inamhusu J. B. Books, mpiga bastola aliyezeeka anayeingia Carson City, Nevada, Januari 1901 akiwa na saratani. Ilikuwa filamu ya mwisho ya John Wayne, aliyemwigiza Books, na yeye pia alikuja kufa kwa saratani. Watu wakayaunganisha mambo hayo mawili, na tangu hapo uvumi mwingi unaoizunguka umeficha jinsi ilivyoigizwa vizuri.

Dhana: Wayne alikuwa anakufa kwa saratani wakati inapigwa.

Huu ndio uvumi mkubwa kuliko wote, na si kweli. Saratani yake ya kwanza ilikuwa ya pafu. Mwaka 1964 madaktari walimtoa pafu la kushoto lote pamoja na baadhi ya mbavu, akapona. Mwaka 1976 hakuwa na saratani yoyote inayojulikana. Kilichomsumbua ni pumzi: pafu moja, umri wa miaka 68, na mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya kazi akaugua mafua makali, upigaji picha ukasimama kwa muda. Saratani ya tumbo iligunduliwa Januari 1979, akafariki tarehe 11 Juni mwaka huohuo, karibu miaka 3 baada ya filamu kutoka. Wala hakuipanga iwe ya kuagia. Alitarajia kuendelea kuigiza.

Kwa hiyo maumivu unayoyaona ni ya Books, na Wayne ndiye aliyeyajenga. Mtazame anavyotembea na mto wake mwekundu na kuukalia hata juu ya tandiko la farasi, kwa kuwa ugonjwa umemkaa sehemu za chini. Angalia pia anavyojishusha taratibu kwenye kiti kabla Daktari Hostetler, yaani James Stewart, hajampa majibu. Mwili ule mkubwa unaogopa kila mguso, lakini sauti haibadiliki.

Dhana: vipande vya mwanzo vinavyoonyesha ujana wa Books vilipigwa kwa ajili ya filamu hii.

Hapana. Ni vya filamu zake za zamani: Red River (1948), Hondo (1953), Rio Bravo (1959) na El Dorado (1966). Tatu za mwisho zilikuwa za rangi, hapa zinaonekana nyeusi na nyeupe ili zifanane. Siegel alipata historia ya Books bila kutafuta kijana wa kumwigiza.

Dhana: bastola ya matundu sita hubebwa na risasi sita.

Books anamfundisha kijana Gillom (Ron Howard) kujaza tano, na yuko sahihi kabisa. Kwenye bastola za aina ya Colt ya 1873, pini inayogonga risasi imeshikana na nyundo. Nyundo ikilala juu ya tundu lenye risasi, pini inagusa fataki yake. Bastola ikianguka, au kitu kizito kikiigonga nyundo kwa nyuma, inaweza kulia yenyewe. Ukivuta nyundo nyuma kidogo hadi mlio wa kwanza, inakaa kwenye kipengele cha usalama, lakini kipengele hicho ni chembamba na huvunjika. Wazoefu walikuwa na utaratibu wao: jaza tundu moja, ruka moja, jaza manne, vuta nyundo hadi mwisho, kisha ishushe polepole kwa kidole gumba. Hapo inatua juu ya tundu tupu. Ukikosea hesabu ya kuruka, inatua juu ya risasi. Ya sita, Books anasema, utaiongeza pale nafsi ikikuambia hatari ipo.

Dhana: anayechomoa haraka ndiye anayeshinda.

Books mwenyewe anaikataa. Kwake kasi na shabaha vinazidiwa na utayari: watu wengi husita kidogo kabla ya kufyatua, na yeye hasiti. Historia iko upande wake. Tarehe 21 Julai 1865, mjini Springfield, Missouri, mpiga bastola maarufu Wild Bill Hickok na Davis Tutt walisimama kupambana kwa bastola umbali wa takriban mita 70. Kwa umbali huo na bastola ya wakati ule, kuchomoa haraka hakusaidii kama huna mkono mtulivu. Tutt akafa kwa risasi moja. Hickok naye aliuawa Agosti 1876 huko Deadwood, kwa risasi ya nyuma ya kichwa, akiwa anacheza karata.

Dhana: stelingi hafi, na akifa humuua mpinzani mkali kuliko yeye.

Books anakufa. Anawaita maadui watatu kwenye baa, anawamaliza wote akiwa tayari ameshajeruhiwa, halafu mhudumu wa baa anamlipua mgongoni kwa bunduki ya marisawa. Gillom anaokota bastola ya Books, anamuua mhudumu yule, kisha anaitupa mbali, na Books anakubali kwa kichwa kabla ya kukata roho.

Wengi hudhani kitabu kinaisha hivyohivyo. Riwaya ya Glendon Swarthout ya 1975, inayotokea El Paso, Texas, ni chungu zaidi: Gillom ndiye anayemmalizia Books, kwa ombi lake, kisha anaondoka na bastola zake. Kitabuni ukatili unapata mrithi. Kwenye filamu unakataliwa mbele ya macho ya mzee mwenyewe. Kusoma kimoja na kudhani umekijua kingine ni kupoteza nusu ya hoja.

Dhana: ilimpa Wayne Oscar.

Oscar yake pekee ya uigizaji, aliyoipokea 1970, ilitokana na True Grit. The Shootist iliteuliwa kipengele kimoja tu, cha usanifu wa mandhari. Uigizaji wa Wayne haukuteuliwa kabisa, na kwa maoni yetu wapiga kura walikosea.