Panya buku hatumwi kulipuka

Wengi hudhani panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro hutumwa kulipua mabomu ya ardhini kwa kuyakanyaga. Sivyo. Panya huyu ana kilo moja na ushei tu, na bomu la kutegea watu kwa kawaida huhitaji uzito wa kilo kadhaa ndipo lifyatuke. Kazi yake ni kunusa TNT, kemikali ya mlipuko iliyomo ndani ya mabomu. Hufungwa mkanda kifuani, hutembea kwa kufuata kamba iliyonyooshwa kati ya wakufunzi wawili, na akiipata harufu hukwaruza udongo. Mazoezini, papo hapo mkufunzi hubofya kidude, “klik”, kisha humpa kipande cha ndizi. Mlio ukichelewa, panya hajui amesifiwa kwa lipi. Huanza kukwaruza ovyo. Misumari na vyuma chakavu, vinavyoihangaisha mashine ya kutambua vyuma, yeye hupita tu.