Blantyre ya Uskoti: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Anayelisikia jina la Blantyre katika ukanda wetu hufikiria kwanza mji wa biashara wa Malawi, na wapo wanaodhani kwamba ule wa Uskoti ndio ulioiga. Ukweli ni kinyume chake: wamisionari wa Kanisa la Uskoti walipoanzisha kituo chao katika nyanda za juu za Shire mwaka 1876, walikipa jina la mahali alipozaliwa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, mji mdogo ulio kando ya mto Clyde, kusini-mashariki mwa Glasgow.

Dhana nyingine ni kwamba Livingstone alikuwa mtoto wa watu wenye uwezo. Alizaliwa mwaka 1813 katika chumba kimoja cha jengo la Shuttle Row, walimoishi familia 24 za wafanyakazi wa kiwanda cha kusokota pamba kilichoanzishwa mwaka 1785. Alipofika umri wa miaka 10 aliingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha akaenda shule ya usiku. Sehemu ya ujira wa juma la kwanza aliinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini, na kitabu alikiegemeza juu ya mtambo ili asome sentensi moja moja kila apitapo. Hayo husimuliwa sana. Kisichosimuliwa ni kwamba pamba yenyewe ilitoka ng'ambo ya Atlantiki, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, kwa hiyo mtu aliyekuja kulilaani soko la watumwa la Unguja alilelewa kwa riziki iliyotokana na jasho la watumwa wengine.

Kaburi lake nalo haliko Blantyre. Moyo ulizikwa Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofariki mwaka 1873. Mwili ulibebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo, ukaja kuzikwa London mwaka uliofuata.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuufanya mji mzima kuwa kivuli cha mtu mmoja. Baada ya pamba yalikuja makaa ya mawe. Tarehe 22 Oktoba 1877 gesi ililipuka mgodini na kuua watu 207 kwa hesabu rasmi, na Uskoti haijapata kuona ajali ya mgodi iliyozidi hiyo. Mwaka uliofuata wajane 34 walitolewa katika nyumba za kampuni, kwani nyumba hizo zilikuwa za wachimbaji, na wao hawakuwa na mchimbaji tena.