Vidonge vya Moyo na Unyevu wa Pwani: Dhana Zinazonichosha

“Daktari, nimevitoa vyote nikavitia koponi, nisihangaike navyo.” Hapa Mombasa nimeisikia kauli hii hadi nimechoka, na aghalabu ni kwa wagonjwa wa moyo.

Dhana: ile karatasi ya alumini ni ya kubebea tu, kopo lenye kifuniko latosha.

Halitoshi! Kidonge cha sakubitrili na valsatani, dawa ya moyo, ni kokristali: dawa mbili, sodiamu na maji vimejengeka ndani ya fuwele moja. Maji hayo yana kipimo chake na ni sehemu ya jengo. Ya hewani hayatakiwi. Ndiyo maana maelezo ya dawa yanasema ikae kwenye pakiti yake, ikingwe na unyevu. Dawa yenyewe humezwa asubuhi na jioni. Basi kopo lako lafunguliwa mara mbili kila siku, na kila mara lavuta hewa mpya ya pwani. Mzee mmoja aliniletea kopo la siagi: vidonge viwili vimegandana, ganda la juu limevimba na kupasuka ubavuni. Nilimwambia asivimeze, nikampa vingine.

Dhana: kokristali zote huvunjwa na unyevu. Hii huletwa na wanafunzi. Hutegemea mwenzi wa dawa, yaani kile kitu cha pili ndani ya fuwele: kafeini na asidi oksaliki zilistahimili unyevu wa asilimia 98 kwa wiki kadhaa, lakini kafeini na asidi maloniki ziliachana, kafeini ikageuka hidrati, yaani fuwele iliyoshika maji. Utando mwembamba wa maji ukishika juu ya fuwele, mwenzi anayeyeyuka upesi hutangulia kutoka. Pimeni kila moja, msikisie.

Dhana: friji ndiyo salama zaidi. Kama pakiti haikuagiza friji, usiweke. Kopo baridi likifunguliwa kwenye joto letu, maji hutona juu ya vidonge papo hapo.

Dhana: kikiwa na rangi yake, ni kizima. Nusa aspirini ya zamani. Harufu ya siki ni asidi asetiki, yaani maji yameshaivunja, ingawa kidonge bado cheupe.

Na kifuko cha silika, kile kinachonyonya unyevu ndani ya chupa, kiacheni humo humo.

Anayetaka kiboksi chake cha siku saba achukue mkasi, akate alumini kuzunguka kila kidonge bila kutoboa sehemu iliyokifunika, akiweke hivyo hivyo kimefungwa. Yule mzee sasa hukatiwa na mjukuu wake kila Jumapili.